Parkinson inamla baba akili? Jibu kwa msomaji wa Ujiji

"Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 71, tunaishi naye Ujiji. Alikuwa karani bandarini Kigoma, hesabu zake hazikuwahi kupishana hata senti. Miaka mitano iliyopita mkono wa kulia ulianza kutetemeka, hospitali wakasema ni Parkinson. Alianzishiwa benzeksoli, na tangu mwaka jana anatumia pia levodopa yenye kabidopa mara tatu kwa siku, anameza na chakula. Sasa amekuwa mzito. Ukimuuliza kitu anakutazama tu. Mwezi uliopita alishindwa kucheza bao barazani, yeye aliyekuwa akiwafunga wote. Anasahau, na usiku anasema kuna watoto wamekaa kwenye kona. Kaka zangu wanataka kumnyang'anya daftari la biashara ya dagaa, wanasema akili imekwisha. Je, ugonjwa huu unakula akili? Nimesoma kwamba dopamini ndiyo kemikali ya akili. Nimtafutie vidonge vya dopamini? Na sokoni Mwanga kuna mtu anauza unga wa mbegu za upupu, anasema ndiyo dawa yenyewe."

Marahaba, binti yangu. Waambie kaka zako wasiliguse daftari kwanza. Umefunga mambo matatu kwenye furushi moja: uzito wa Mzee, usahaulifu wake, na hao watoto wa kwenye kona. Kila moja lina njia yake, na nina shaka kubwa kwamba sehemu yake imo ndani ya boksi la dawa.

Nianze na bao, maana hapo umenionyesha ugonjwa kuliko mahali pengine popote. Fikiria mkono wa mchezaji. Kete za komwe zimejaa kiganjani. Kidole gumba kinasukuma moja, inadondoka shimoni, mkono unasogea, inadondoka nyingine, unasogea tena. Fundi wa bao haangalii vidole vyake. Vidole vinajua njia, yeye kichwani yuko mbele kabisa, anahesabu kete ya mwisho itaangukia wapi, itakula nini, na akila hapo atazungukia upande gani. Sasa Mzee wako mkono hautembei wenyewe tena. Kila kete lazima aiamrishe. Mbili zinaanguka shimo moja, mwenzake analalamika, watazamaji barazani wanapiga kelele, anazoa aanze upya. Wakati huo ile hesabu ya mizunguko mitatu aliyokuwa ameishika kichwani imemponyoka, kwa sababu sehemu ya ubongo iliyokuwa inaishika imeitwa kwenda kusimamia vidole. Waliokaa pale wanasema mzee kasahau bao. Hajasahau bao. Amepewa kazi mbili kwa wakati mmoja, na ugonjwa huu huanza kumnyima mtu uwezo huo mapema sana.

Kwa nini iwe hivyo? Sehemu ya juu ya shina la ubongo ina vipande viwili vyeusi, kimoja kila upande. Ukipasua ubongo wa mtu mzima mwenye afya unaviona kwa macho, kama vimepakwa masizi. Vya mgonjwa wa Parkinson vimepauka. Seli hizo nyeusi ndizo zinazotengeneza dopamini na kuipeleka ndani zaidi, kwenye vituo vinavyoratibu mwendo. Kutetemeka kunapoonekana, takriban nusu ya seli hizo au zaidi zimeshakufa. Maana yake ugonjwa wa baba yako haukuanza miaka mitano iliyopita. Jaribu kukumbuka: choo kilikuwa kigumu miaka mingi? Alikuwa anarusha mateke na kupiga kelele usingizini? Harufu je? Nimewahi kukaa na mzee wa Kigoma aliyeniambia bila wasiwasi wowote kwamba dagaa siku hizi hawanuki. Mke wake akacheka. Mimi sikucheka.

Dopamini kwenye mwendo haileti nguvu; misuli ya Mzee ipo. Inatoa ruhusa. Kati ya mambo kumi ambayo ubongo ungeweza kuyafanya sasa hivi, dopamini husaidia moja lianze na mengine yasubiri. Ikipungua, nia inakuwepo ila kuanza kunachelewa: kunyanyuka kitini, kuvuka kizingiti, kufumbua mdomo ujibu swali. Na waya za dopamini hazihudumii miguu na mikono peke yake. Nyingine zinakwenda kuhudumia sehemu ya mbele ya ubongo, panapopangwa mambo na panapobadilishwa mpango katikati ya kazi. Ndiyo sababu fikra nazo zinakuwa nzito kuondoka.

Lakini hesabu za bandarini, majina ya wajukuu, sheria za bao na aya alizohifadhi madrasa hazihifadhiwi kwenye dopamini. Hapo uliposoma "kemikali ya akili" mwandishi amekurahisishia mno. Akili haina kemikali yake moja. Kuna dopamini, kuna asetilikolini, kuna serotonini, kuna noradrenalini, na kila moja ikizidi au ikipungua ina namna yake ya kuvuruga. Hata dopamini yenyewe haina maana kwamba nyingi ndiyo bora: kwa sehemu ya mbele ya ubongo kidogo mno inazorotesha, nyingi mno pia inaharibu. Kipimo kinachoiweka miguu sawa kinaweza kumfanya mtu aamue ovyo. Baadhi ya dawa zinazoiga dopamini, mfano pramipeksoli, zinajulikana kwa hilo. Mtu mtaratibu anaanza kubeti usiku kucha au kununua vitu bila mpango. Mzee wako hazitumii, lakini siku akiandikiwa, kumbuka nilikuambia.

James Parkinson, tabibu wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, aliandika kwamba hisi na akili za mgonjwa hubaki salama. Tukumbuke aliandika kwa kuwaangalia watu sita tu, wengine aliwaona njiani. Alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa ya njia, hasa miaka ya mwanzo. Siwezi kukuficha sehemu iliyobaki: kadiri miaka ya ugonjwa na umri vinavyoongezeka, wagonjwa wengi hupata upungufu wa akili wa kweli, kwa sababu uharibifu hutambaa kutoka kwenye vile vipande vyeusi hadi tabaka la juu la ubongo. Ndani ya seli hujikusanya mabonge ya protini iitwayo alfa-sinukleini. Baba yako anaweza kufika huko. Kwa uliyoniandikia, sioni ushahidi kwamba ameshafika, na yapo ya kurekebisha kabla ya kumhukumu.

Kuna jaribio dogo la nyumbani. Muulize jambo la jana, kwa mfano nani alikuja baada ya swala ya Ijumaa. Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano, polepole, na usimrudie swali. Sisi tukishaona mtu kakaa sekunde tatu bila kujibu tunauliza tena kwa sauti kubwa, na kila ukiuliza tena unamrudisha mwanzo. Akishindwa, mdokezee: "Alikuja na baiskeli." Ikiwa kidokezo kinamfungulia na jina linatoka, basi kumbukumbu ipo ila njia ya kuifikia ina foleni. Ikiwa hata kwa kidokezo anasema hakuna mtu aliyekuja, hilo ni jambo jingine, liandike tulijadili. Mfanyie hivyo saa dawa inapofanya kazi, yaani amechangamka na miguu ni myepesi. Kumpima akili mgonjwa wa Parkinson wakati dawa imekwisha mwilini ni kumwonea. Na usiusome uso wake. Misuli ya uso nayo imekosa ruhusa, kwa hiyo anaweza kuwa anacheka moyoni huku wewe unaona kinyago.

Sasa boksi la dawa.

Benzeksoli ni dawa ya zamani, ni rahisi, inapatikana, na kwa kijana anayetetemeka inasaidia. Inafanya kazi kwa kuzuia asetilikolini. Tatizo ni kwamba asetilikolini ndiyo kemikali ambayo kumbukumbu na umakini vinaitegemea sana, na Parkinson yenyewe inaipunguza. Kwa hiyo kwa mtu wa miaka 71 unachukua kilichopungua na kukizuia tena. Matokeo yake ni kusahau, kuchanganyikiwa jioni, kuona watu wasiokuwepo, mdomo kukauka, choo kufunga, mkojo kutoka kwa shida. Ona kinyume chake: Parkinson inapoleta upungufu wa akili kweli, dawa inayotumika, mfano rivastigmini, kazi yake ni kuongeza asetilikolini. Huwezi kumpa mtu breki halafu ukashangaa gari haliendi.

Hili nalijua kwa aibu yangu mwenyewe. Zamani nikiwa Tabora, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, nilikuwa na mkulima wa tumbaku kutoka Urambo. Anatetemeka, nikampa benzeksoli. Akarudi bado anatetemeka, nikaongeza. Mara ya tatu mwanawe akaniambia baba anafukuza mbuzi ndani ya nyumba, mbuzi wasioonekana. Nikasema ni uzee. Familia ikaenda kutafuta tiba ya majini, na sikuwa na haki ya kuwacheka, maana mimi na elimu yangu sikuwa nimewapa maelezo bora kuliko hayo. Aliyegundua ni muuguzi wa kliniki. Alifungua kadi, akapitisha kidole kwenye tarehe, akasema, "Daktari, mbuzi wameanza ulipoongeza dozi." Tukaipunguza wiki kwa wiki. Mbuzi wakaondoka.

Usiikate wewe nyumbani kwa ghafla. Wala hiyo wala levodopa haikatwi kwa siku moja. Levodopa ikikatwa ghafla mtu anaweza kukakamaa, kupata homa kali na kufa. Nenda naye kliniki ya magonjwa ya ndani, Hospitali ya Maweni, mwambie daktari waziwazi kwamba anasahau na anaona watoto, kisha uulize kama benzeksoli inaweza kushushwa taratibu hadi iishe.

Kabla ya hapo, jambo moja la haraka. Hao watoto wa kwenye kona walianza lini? Kama ni polepole kwa miezi, fuata nilivyosema. Kama ni ndani ya siku mbili tatu, mpeleke leo akapimwe malaria, mkojo na kifua. Parkinson haimwachi mtu akiwa timamu Jumatatu ikamchanganya Jumatano. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni maambukizi, ni kukosa maji mwilini, au ni dawa mpya, hadi ithibitishwe vinginevyo. Na akionwa usiku akiwa amechanganyikiwa, asidungwe haloperidoli wala kloropromazini kumtuliza, kwa sababu hizo huzuia dopamini, utamkuta asubuhi amekuwa gogo. Vivyo hivyo metoklopramidi, ile ya kichefuchefu ambayo duka lolote la dawa litakuuzia. Inaingia ubongoni na kufunga mlango uleule tunaohangaika kuufungua. Andika majina hayo matatu kwenye kipande cha karatasi, kibane kwenye kadi yake ya kliniki.

Vidonge vya dopamini usitafute. Dopamini ikimezwa haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, kuna ukuta. Ugunduzi mzima wa tiba hii ulitokana na kuuzunguka ukuta huo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyomaliza dopamini, wakalala kama mizigo. Alipowapa levodopa, ambayo inavuka ukuta na kugeuzwa dopamini upande wa pili, wakainuka. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz akapima mjini Vienna ubongo wa watu waliokufa na Parkinson, akakuta dopamini imepungua mno. Mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza wakadungwa levodopa. Kabidopa iliyomo kwenye kidonge cha Mzee kazi yake ni kuzuia levodopa isigeuzwe njiani kabla ya kufika, maana ikigeukia tumboni na kwenye damu inaleta kutapika.

Unasema anameza na chakula. Hapo ndipo penye faida ya haraka. Levodopa husafiri kwa mlango uleule unaopitisha vipande vya protini, utumboni na tena kwenye ukuta wa ubongo. Umewahi kuona boti ikijaa Kibirizi, ubao mmoja wa kupandia, abiria amekata tiketi yake vizuri lakini mbele yake wanapakia magunia ya dagaa? Anafika kwa kuchelewa au anaachwa. Ndivyo kidonge chake kinavyoachwa kila mchana anapokula ugali wa muhogo na dagaa. Ameze kwa maji nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, au asubiri saa moja na nusu hadi mbili baada ya kula. Kikimchafua tumbo, ndizi moja ni sawa. Samaki usimnyime, atakonda. Sogeza migebuka, dagaa na maharage kwa wingi wake kwenye mlo wa jioni, mchana ale ugali na mboga za majani. Mawese hayagombanii mlango huo, ni mafuta. Uji wa lishe wa asubuhi ndio unaowadanganya wengi: ukiwa na karanga, soya na maziwa ndani, huo nao ni magunia ya dagaa.

Kuhusu upupu, yule mtu wa sokoni hajadanganya kabisa, ndiyo maana ni hatari. Mbegu za upupu zina levodopa ya kweli, na India zimetumika katika tiba ya asili kwa karne nyingi. Lakini kijiko chake kina kiasi gani? Hajui, nami sijui, na kijiko cha kesho si sawa na cha leo. Hazina kabidopa. Ukimwongezea Mzee juu ya vidonge alivyonavyo umempa dozi ya pili usiyoijua: kutapika, presha kushuka akisimama, mwili kujinyonganyonga, na hao watoto wa kwenye kona wataleta ndugu zao. Hapana.

Uliza pia kliniki kuhusu huzuni. Umeandika kwamba anakutazama tu. Hukuandika kama bado anapenda kitu. Parkinson hupunguza pia serotonini na noradrenalini, na sonona kwa wagonjwa hawa ni ya kawaida sana, wakati mwingine hutangulia kutetemeka. Inatibika. Mtu mwenye sonona anaonekana ameishiwa akili kuliko alivyo.

Majirani nao watakuwa wameshasema karogwa, au ni uzee tu. Usigombane nao. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, kwenye eneo la watu zaidi ya 160,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Baba yako walau ana jina la ugonjwa na kidonge.

Daftari la dagaa. Kaka zako wana hoja kwa upande mmoja, kwamba mahesabu ya haraka dirishani, mteja akisubiri na simu ikiita, hayamfai tena. Hiyo ndiyo kazi mbili kwa wakati mmoja. Basi mmoja wao apokee pesa na kuandika, na Mzee akae na daftari asubuhi, saa moja baada ya kumeza dawa, redio imezimwa, akague ya jana. Atakuwa polepole, na mwandiko wake umekuwa mdogo kama wa sisimizi, kwa hiyo asiandike, aweke alama tu palipo na kosa. Fanyeni hivyo mwezi mmoja baada ya dawa kurekebishwa. Akikosea hesabu zenyewe, hapo tutazungumza lugha ya kaka zako, na mtamwambia yeye mwenyewe usoni, mkiwa mmekaa naye.

Na bao alirudie. Mtafutie mjukuu mwenye mkono mwepesi akae karibu yake awe mkono wake. Mzee aseme tu: "Shimo la tatu, nenda kushoto," mtoto adondoshe kete. Wenzake barazani watalalamika kwamba ni ujanja. Wachezeshe michezo mitano hivyo, uniandikie nani kafunga.

Ukienda kliniki chukua maboksi yote ya dawa, hata matupu, pamoja na karatasi ya siku saba: saa aliyomeza, alichokula, saa aliyokuwa mwepesi, saa aliyoganda, na usiku upi aliwaona watoto.